Maji Baridi ya Mama Lévi

Siku za kanisa, mimi ndiye ninayemchagulia mume wangu shati. Siku za harusi, mimi. Siku za kilio, mimi. Lakini siku za Benita alikuwa anaamka mapema, anafungua kabati mwenyewe, anajaribu shati hili na lile mbele ya kioo huku ameshika mlango wa kabati kwa mkono mmoja, maana miguu yake haikuwa tena ya kuaminika. Akimaliza, anajipulizia manukato shingoni. Nilikuwa namtazama kutoka kitandani nikijiuliza: mtu anayekwenda kuchomwachomwa pini kwenye nyayo ananukia kwa ajili ya nani?

Mimi ni Mwansa, mtoto wa Mokambo. Hapa Lubumbashi wananiita Mama Lévi, kwa jina la kifungua mimba wetu, ambaye siku hizi anafanya kazi Kolwezi. Mume wangu ni Kambale Vital, Mnande wa Butembo, mwenye depo ya chumvi, sabuni na sukari. Malori yake yanapeleka mizigo mpaka Kasomeno na kurudi na samaki wakavu. Mimi simwiti Kambale. Namwita Papa Lévi, kama mke anavyopaswa. Kambale ni jina la mama yake na la watu wa kwao, maana kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, hakuna mjadala. Ndiyo sababu lilinichoma siku ya kwanza niliposikia yule msichana mwenye blauzi nyeupe akimwita mlangoni, "Yaya Kambale, karibia," yaani kaka Kambale, kana kwamba walichota maji kisima kimoja.

Nitasema wazi mapema tusipotezeane muda: niliona wivu. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilinenepa, kwa sababu nilikuwa nakula sahani yangu na ile aliyoiacha yeye.

Ugonjwa ulianzia mgongoni. Tulidhani ni malori, tukakanda, tukaombewa, tukakanda tena. Kisha miguu ikawa mizito, na siku moja alianguka kwenye ngazi ya depo mbele ya wateja. Ndipo tukapelekwa kwenye picha ya IRM, mashine inayoona ndani ya mwili, na Docteur Mukuka akatuonyesha doa jeupe ndani kabisa ya uti wa mgongo, mahali ambapo hata kidole hakifiki. Akalitaja: épendymome. Jina zuri kuliko la binti zangu wote. Alisema uvimbe wa namna hiyo ni nadra kwa watu wazima, nadra kiasi kwamba daktari anaweza kuzeeka bila kumwona mgonjwa wa pili. Kwa hiyo madaktari wa nchi mbalimbali wameungana kuwafuatilia watu hao wachache wenye uvimbe wa nadra wa ubongo na wa uti wa mgongo: kuwapiga picha, kuwapima miguu na mikono, na kuwauliza maswali yale yale kila mwezi, ili wajue uvimbe huo unamfanya nini mtu anayeishi nao. Kama Papa Lévi angekubali, angeingia katika utafiti huo. Akakubali papo hapo. Nami nikakubali, kwa kuwa nilidhani tunaingia wawili.

Kwetu mgonjwa hajisemei. Ana garde-malade, mtu wake anayempikia, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, anayetunza karatasi zake na kumjibu daktari. Daktari akiuliza maumivu yalianza lini, mgonjwa anamtazama garde-malade wake, na garde-malade anajibu. Nimemuuguza mama yangu hivyo, nimemuuguza mama mkwe wangu hivyo, na hakuna daktari aliyelalamika. Kwa hiyo siku ile ya kwanza niliingia chumbani na Papa Lévi, nikakaa, nikaweka mkoba mapajani, nikaanza.

"Usiku halalake muzuri," nikamwambia Benita, yule msichana wa blauzi nyeupe, Mnande pia, aliyewekwa kuwapima na kuwauliza wagonjwa wa utafiti. "Maumivu inatokea apa, inashuka apa. Chakula anakula kidogo."

Benita akaweka kalamu chini. Ni msichana mwenye adabu, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. "Mama, tafazali, garde-malade anabakia inje. Mugonjwa anajibu ye peke."

"Miye njo najua ugonjwa yake."

"Najua, Mama. Lakini kama mukijibu babili, sitajua ni nani amesema. Tunapenda kusikia yake tu, na luga yenye anasikiaka muzuri."

Lugha anayoisikia vizuri. Nikamtazama mume wangu aseme kwamba lugha hiyo ni Kiswahili, lugha aliyonitongozea, aliyowafokea watoto wetu, anayoota nayo hadi leo, maana mimi ndiye ninayezisikia ndoto zake. Akainamisha kichwa na kusema neno moja kwa Kinande. Benita akacheka, naye akacheka. Nikatoka.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilikaa kwenye benchi ya ukumbi, chini ya dirisha la vioo vya kuinamisha, na sauti zao zilinifikia zote, nisielewe hata moja. Katika miaka yote ya ndoa yetu Kinande changu ni neno moja, wasingya, yaani asante. Alinifundisha ili nimshukuru mama yake siku waliponipokea, kisha akaona inatosha. Mimi pia niliona inatosha. Pale kwenye benchi nilikuwa nalisubiri neno langu hilo moja lipite kati ya maneno yao, na lilipita mara nyingi. Na alikuwa anacheka. Nyumbani hakuwa amecheka tangu mwaka uanze.

Njiani kurudi nikamuuliza, "Banakuulizaka nini?"

"Maulizo tu. Kama nasikia bubaya, kama nalala, kama naogopa."

"Na kama unaogopa, ni ile inachekesha?"

"Aa, Mama Lévi," akasema, akageukia dirisha la gari.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Benita anampima kwa pini yenye ncha kali upande mmoja na kichwa butu upande wa pili: anamwambia afumbe macho, anamgusa nyayo, kifundo, goti, naye anasema kali au butu. Benita anajua kwamba anaogopa. Benita anajua anaogopa nini. Mimi ninayefua mashuka yake naletewa habari kwamba yote ni sawa. Jirani yangu Mama Nono alinitania kwamba nina bahati, kwa sababu wanawake wengine waume zao wanakwenda kwa wasichana bila karatasi ya daktari. Nilicheka naye, kisha sikumtumia mboga wiki nzima.

Mimi nilikuwa na beseni. Kila jioni jua likishuka, napasha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, namimina kwenye beseni la bluu, napiga magoti na kumwosha miguu. Nilianza pale ilipoanza kuwa mizito. Anafumba macho, anaegemea kiti, na kila jioni anasema maneno yale yale, "Aa, maji iko moto muzuri. Wasingya." Hiyo ilikuwa saa yangu. Benita na pini yake, mimi na beseni langu.

Mwezi wa sita Docteur Mukuka alituita sote wawili. Picha mpya ilionyesha kwamba uvimbe umeongezeka kidogo. Alieleza polepole, na hapo nilielewa kila neno. Wapasuaji kutoka nje wangekuja hospitalini mwezi wa nane, kisha wasionekane hadi mwaka unaofuata. Kama miguu ya Papa Lévi inahisi vile vile kama mwanzo, basi wasubiri, kwa kuwa kupasua uti wa mgongo si mchezo. Lakini kama imeanza kupoteza hisia, ni lazima wapasue sasa, kabla haijazimika yote, kwa sababu kile ambacho mishipa imekipoteza mara nyingi hakirudi. Akasema kipimo cha Benita cha mwezi ujao ndicho kitakachoamua.

Papa Lévi alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya mafuta. Alipotoka kwa Benita siku hiyo, kwenye kipimo cha kawaida, alikuwa anang'aa. "Benita anasema niko champion. Miguu iko sawa vile ilikuwaka." Na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Na ile ni nini?"

"Bunga ya muhogo. Mama yake alimutumia toka Butembo, akanikatia kidogo." Akaniwekea mfuko mezani kwa mikono miwili. "Utanipikia. Lakini usisonge sana vile unasongaka bukari. Benita anasema ya kwetu inapendaka maji."

Nilimpikia. Mtu asiseme sikumpikia. Alikula yote, akalamba vidole, mume ambaye kwa miezi mingi sahani yangu aliirudisha nusu. Kumbe bukari yangu, yaani ugali wa mahindi, niliyoisonga tangu ujana wangu mpaka mabega yakaota misuli, alikuwa anaivumilia. Nilisafisha meza. Kisha nikachukua beseni la bluu, nikapita mbele ya mbabula bila kusimama, nikaenda kwenye pipa la nje.

Anayeijua Lubumbashi anaujua mwezi wa sita. Asubuhi majani yana ukungu mweupe, na maji yaliyolala kwenye pipa yanauma mifupa. Nilijaza beseni mpaka nusu. Mikono yangu yenyewe ilikufa ganzi nikiwa bado njiani kurudi. Nilijua ninachofanya: nilitaka aruke, apige kelele, aniulize nina nini, nami nimwambie. Nilipiga magoti, nikashika miguu yake yote miwili na kuitumbukiza.

Akafumba macho. Akaegemea kiti.

"Aa," akasema, "maji iko moto muzuri. Wasingya."

Kwanza nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama kila jioni. Nikaendelea kumwosha kwa vidole visivyokunjika, kifundo, kisigino, katikati ya vidole vyake, na yeye akaendelea kustarehe. Alikuwa anaisikia mikono yangu, hilo niliona, maana alinyoosha mguu nilipogusa mahali panapomwasha. Baridi ndiyo hakuisikia.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Sitaizunguka. Champion wa Benita hajui maji baridi na maji ya moto, na Benita, pamoja na pini yake na Kinande chake, hajui kwamba hajui. Najua mimi. Nilimwaga maji kwenye matembele nyuma ya nyumba huku nikiimba kidogo, na jioni iliyofuata nikampashia maji kama kawaida, akasema maneno yale yale, nami nikatabasamu.

Siku chache nilitembea na siri hiyo kama mtu aliyevaa nguo mpya ndani ya nguo kuukuu. Nilikuwa najua pia maana yake, maana Docteur alikuwa ameieleza mbele yangu. Lakini nilijiambia kwamba si kazi yangu. Walinitoa nje, wakasema wanataka yake tu. Basi wachukue yake.

Jumapili baada ya misa tulikaa uani kuota moto. Papa Lévi alikuwa ameweka miguu karibu na mbabula, ananieleza habari ya lori lililokwama karibu na Kasomeno na samaki walivyoanza kuota funza. Nikasikia harufu. Nilidhani jirani anachoma takataka. Halafu nikatazama chini nikaona ndala yake ya mguu wa kushoto imeegemea mbabula, mpira unayeyuka na kudondoka, na pembeni ya mguu wake ngozi imeinuka. Naye anaendelea kuzungumza habari za samaki.

Nikamvuta mguu kwa nguvu hata akakaribia kuanguka na kiti.

"Kuko nini?" akauliza.

Nilimwonyesha ndala. Aliitazama, akatazama mguu wake, akaugusa mahali palipoungua kwa kidole kama anayegusa kitu cha mtu mwingine. Kisha akanitazama mimi, na akajua kwamba ninajua.

"Tangu wakati gani?" nikamuuliza.

"Tangu mbele ya Pasaka. Kugusa nasikia. Moto na baridi, hapana. Na mukali ya sindano, hapana."

"Na Benita? Anakuchoma kila mara. Anasema uko champion."

Akajikuna shingo. "Akiweka upande ya mukali, anaumaka mudomo. Kidogo tu, apa chini. Miye nafungaka macho nusu, naangalia."

Kwa hiyo aliufahamu mdomo wa Benita. Aliusoma, akaukariri, akajua unaumwa upande gani na wakati gani. Wivu ulinipanda mpaka masikioni, moto kuliko ile mbabula, na nikasahau kabisa mguu ulioungua. "Na yangu?" nikamuuliza. "Maji yangu ulikuwa unajua namna gani? Uso yangu pia unaangalia?"

Alinishangaa. "Yako? Juu ya nini niangalie? Maji yako iko siku yote moto."

Nilinyanyuka nikaenda kutafuta mafuta ya kumpaka, kwa sababu sikutaka anione. Nilikaa ndani zaidi ya muda unaohitajika kutafuta mafuta.

Niliporudi alinishika mkono. Alisema anaogopa. Si kufa, bali kuamka kutoka kwenye kisu bila miguu yote miwili, akae kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa depo, vijana wa dukani wamsukume kama gunia. Alikuwa na rafiki wa zamani aliyepasuliwa mgongo na hakusimama tena. "Nitabakia hivi," akasema. "Nikianguka, nianguke pole pole. Usimuambie Benita. Ikuwe ya shiye babili."

"Nimesikia," nikasema. Sikusema nimekubali.

Na hapo ndipo palipokuwa patamu na pabaya kwa pamoja. Sasa kulikuwa na siri, siri ya mimi na yeye, kwa Kiswahili, uani kwetu, na Benita ndiye aliye nje kwenye benchi. Nilichokuwa nakilia miezi yote nilikuwa nacho mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya hadi mwezi wa nane upite. Wahenga wana neno lao, mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye ile benchi. Usiku huo, yeye akiwa amelala, niliishika miguu yake chini ya blanketi. Ilikuwa na joto. Ilikuwa hai kabisa, na ilikuwa inaondoka, na ingeondoka mikononi mwangu mimi niliyeimba nikimwaga maji.

Siku ya kipimo alichagua shati la mistari. Mimi nilichukua mkoba mkubwa wa soko. Nilikaa kwenye benchi kama kawaida, nikasubiri, na nilipomsikia akicheka, nikagonga na kuingia.

"Mama," Benita akaanza, "garde-malade..."

"Sikukuya kujibu. Nimekuya kunawisha bwana yangu miguu. Kuko sheria yenye inakataza?" Nikatoa beseni la bluu kwenye mkoba, nikatoa thermos ya maji ya moto na chupa ya maji ya pipa iliyolala nje usiku kucha, nikapanga vyote sakafuni mbele yake.

Papa Lévi alielewa kabla yake. "Mama Lévi. Nilikuomba."

"Ndiyo, uliniomba."

Nikamgeukia Benita. "Ukimuchoma na mukali, unaumaka mudomo yako. Anakuangaliaka. Njo maana iko champion."

Mkono wa msichana ulikwenda mdomoni wenyewe. Kisha akaugeukia mguu wa kushoto, bandeji niliyoifunga ikichungulia kwenye soksi, na akaelewa. "Hata miye nilikuwa nawaza kuko kintu," akasema polepole. "Lakini siwezi andika mawazo yangu, Mama. Wala yako. Lazima aseme ye mwenyewe."

"Basi geuka. Angalia ukuta."

Akageuka. Ndiyo, aligeuka, na tangu hapo ninamheshimu kidogo. Nami nikavuta kitenge cha kichwani mpaka machoni nisionekane uso, nikapiga magoti, nikamvua soksi. Nilimimina polepole, ili isijulikane kwa sauti kama ni thermos au ni chupa, na nikaiingiza miguu yake, ule wa kulia wote na ule wa kushoto vidole tu.

"Papa Lévi," nikasema, "maji iko namna gani?"

Nilisikia kiti kikilia. Alikuwa anainama kunitafuta uso. Nikazidi kuinama. Alimtazama Benita, nadhani, akaona mgongo na nywele zake za kusuka tu. Toroli likapita ukumbini, likaenda, likapotea. Vidole vyangu majini vilikuwa vinauma kwa baridi, na sikuvitoa.

"Sijue," akasema mume wangu.

Kisha akaanza kusema kwa Kinande. Alisema muda mrefu, kwa sauti ya chini, na safari hii hakuna aliyecheka. Benita alirudi mezani akaandika, akaandika, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Ile ni yake, Mama," akasema Benita, akafunga faili.

Docteur Mukuka alimpima upya mwenyewe, akimfunika macho kwa kitambaa. Akasema miguu yote miwili imepoteza moto na baridi hadi juu ya magoti, lakini nguvu bado ipo na kugusa bado kupo, na kwa hiyo bado wana kitu cha kuokoa. Akamwandikisha kwa wapasuaji, mwezi wa nane, wiki ya kwanza. Hakumficha kwamba anaweza kuamka vibaya kuliko alivyolala. Alimweleza pia kwamba anaweza kukataa. Papa Lévi alichukua kalamu akatia sahihi bila kunitazama.

Hakunitazama garini. Hakunitazama mezani, ingawa nilimsongea unga wa muhogo uliobaki, mlaini, wenye maji, kama anavyotaka Benita. Jioni ilipofika nilisimama mbele ya mbabula sijui kama nipashe maji au niache. Nilikuwa nimempa yule msichana kitu pekee ambacho hakuwa nacho. Mume wangu nilikuwa nimemuumbua, na maneno yake marefu yamebaki kwenye faili la Benita, wala sitayajua hadi nife. Nilipasha maji kwa sababu mikono ilikuwa imezoea.

Nikaweka beseni mbele ya kiti chake. Alikuja akishika ukuta, akakaa, akavua soksi mwenyewe. Miguu akaibakiza juu, haiingizi.

"Weye ulijua mbele ya ndala kuungua," akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi. "Ulijua namna gani?"

"Nilikutilia baridi. Siku moja."

"Juu ya nini?"

Nilifikiri kumdanganya, nikachoka. "Juu ya bunga ya Benita."

Alinikazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mikono ya kiti, kile kicheko cha dirishani nilichokihesabia miezi yote kwamba si changu. "Juu ya bunga," akasema, akaanza tena, na machozi yakamtoka kweli. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nina hasira na mdomo wa yule msichana.

Akajifuta uso kwa kiwiko. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado hewani, juu ya beseni.

"Na leo?" akauliza.

Nikatia mkono majini kabla ya kumjibu.